Sahani iko mkononi mwako, mwanangu

Tanga, Ijumaa usiku

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa barazani peke yangu ili baba yako asinione nalia. Umesema madaktari wa huko Leicester, Uingereza, wamegundua kwamba bintiyo ana anoreksia, ule ugonjwa wa akili wa mtu kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na tiba waliyowapa ni ninyi wazazi kukaa naye mezani mkamlishe, mtu wa miaka 15, wakati chanzo cha ugonjwa wenyewe hawataki hata kukitafuta. Ukauliza ni tiba gani hiyo isiyotafuta chanzo. Halafu ukashusha sauti ukasema, "Mama, au ni mimi niliyemharibu?" Kwa simu nitaishia kukupa pole, kwa hiyo nimekaa niandike.

Nianze na jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla sijahamia wodi ya watoto, nilikuwa nesi wa zamu katika wodi ya wanawake, hospitali ambayo sitaitaja. Aliletwa msichana wa kidato cha tatu, mifupa mitupu, hedhi imekatika miezi mingi. Mikono yake ilikuwa imeota malaika laini kama ya kichanga. Nilipomshika kifundo cha mkono kilikuwa baridi, na mapigo ya moyo yalikuwa 42 kwa dakika. Nikahesabu tena nikidhani saa yangu inachelewa. Tulimpima makohozi, choo, sukari, na ule ugonjwa ambao siku hizo hatukuutaja kwa jina. Kila kipimo kikarudi safi. Lakini kila nilipobadilisha shuka nilikuta mabonge ya ugali yaliyokauka, yamefungwa kwenye pindo la khanga na kusukumwa chini ya godoro. Na usiku, wenzake wakilala, alikuwa akitembea ukumbini kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka alfajiri.

Daktari aliamua kwamba nyumbani wanamdekeza. Amri ikatoka kwamba mama yake asiingie tena wodini. Aliyesimama mlangoni ni mimi. Siku tisa yule mama alikuja na kapu la chakula, nami nikalipokea na kumrudisha getini. Siku ya kumi wakamchukua binti yao wakaondoka naye. Sikumwona tena, na kapu lile naliona mpaka leo.

Ilikuja kupita miaka ndipo nikajua kwamba kosa letu lilikuwa na mizizi ya mbali. Mwaka 1873 daktari William Gull wa London ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la anoreksia nevosa, na mwaka huohuo Charles Lasègue akaueleza kule Paris. Gull aliona vizuri mambo mengi: aliona mapigo ya moyo yanavyopungua, aliona jinsi msichana aliyekonda vile anavyohangaika huku na huku bila kuchoka, akaagiza walishwe kwa saa maalumu. Lakini akaongeza kwamba ndugu na marafiki kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Neno hilo likaenda mbali. Kwa muda mrefu sana mtoto akiugua hivi alitengwa na wazazi wake, na wataalamu wakakaa kutafuta mama amekosea wapi. Walitafuta chanzo kweli, mwanangu, na wakidhani wamekipata, kilikuwa ni mama. Watoto hawakupona kwa hilo.

Geuko lilianzia London pia, hospitali ya magonjwa ya akili ya Maudsley. Mwaka 1987 daktari Gerald Russell na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 80 ambao baada ya kuongezwa uzito wodini, wengine walitibiwa pamoja na familia zao na wengine peke yao. Wale walioanza kuugua wakiwa wadogo, na ugonjwa haujakaa nao miaka mitatu, walikwenda vizuri zaidi walipotibiwa pamoja na wazazi. Wataalamu James Lock na Daniel Le Grange wakaiandika njia hiyo hatua kwa hatua mwaka 2001, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 unaitaja ya kwanza kwa watoto na vijana wenye anoreksia. Kwa hiyo hao madaktari wenu hawajawatupia mzigo wao. Wamewapa kazi ambayo mimi nilimnyang'anya yule mama.

Sasa kuhusu kulisha kabla ya kuuliza. Uliniandikia kwamba bintiyo anaoka keki kila Jumamosi, anawapangia wadogo zake, anawatazama wakila, na yeye haonji hata kombo la bakuli. Ukaona ni ukaidi, au kiini macho. Sikiliza kisa hiki. Mwishoni mwa vita vya pili, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana wa kiume 36, wazima wa afya na akili, waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula kwa wiki 24 hadi wakapoteza kama robo ya uzito wao. Vijana hao ambao hawakuwahi kuwaza jiko walianza kusoma vitabu vya mapishi na kuvikusanya. Sahani moja waliila kwa muda mrefu wakiikatakata na kuichanganya. Walihisi baridi wakati wa joto, wakakasirika kwa jambo dogo, wakajitenga, wakaacha kucheka. Hakuna aliyewaharibu utotoni. Ilikuwa njaa tu. Nusu ya unayoyaona kwa bintiyo ni njaa inayozungumza, na ubongo wenye njaa huwezi kuuliza chanzo ukajibiwa jambo la maana. Ndiyo maana wanaanza na sahani. Maongezi ya ndani yatafuata, akishapata akili ya kuyashika.

Hata hivyo, msimshindilie kwa pupa, hasa kama amekaa siku nyingi bila kula cha maana. Hapa nazungumza kwa kazi yangu. Wodi ya utapiamlo mtoto wa unyafuzi hatukumpa uji mzito siku ya kwanza, hata mama yake akituomba. Tulianza na F-75, maziwa maalumu mepesi ya watoto wa utapiamlo, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, ndipo baadaye tukapanda kwenye F-100, yaliyo na nguvu zaidi. Mwili uliozoea njaa ukiletewa wanga mwingi ghafla, homoni ya insulini inapanda, na madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu yanakimbilia ndani ya seli. Damu inabaki tupu na moyo unaweza kusimama. Wapo waliookolewa kwenye njaa wakafa kwa chakula cha kwanza. Kwa hiyo akichukuliwa damu mara kwa mara, akipewa vitamini ya thiamini, akipimwa presha amelala kisha amesimama, usiseme wanamsumbua mtoto. Na wakisema mapigo yameshuka mno lazima alazwe, mpeleke siku hiyo hiyo, usiku huo huo. Huu ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua kuliko mengine, na mara nyingi hupitia moyoni.

Meza yenyewe itakuwaje? Kwa njia hii familia huambiwa mapema ije na chakula kliniki, na pale mbele ya mtaalamu wazazi wajaribu kumfanya mtoto ale tonge moja zaidi ya alilokusudia. Moja tu. Mtoto hulia, hutukana, husukuma sahani. Mume wako akitaka kusema "mwache, tutajaribu kesho," mshike mkono. Ninyi wawili muwe na kauli moja, maana ugonjwa huu hupenya kwenye ufa ulio kati ya baba na mama. Nyumbani pakua wewe au baba yake, si yeye. Milo mitatu na vitafunio katikati. Maneno yawe machache: "Najua unaogopa. Nipo hapa. Tia mdomoni." Usibishane naye kuhusu kalori, hutashinda, amezihifadhi kuliko mtihani. Akimaliza kaeni naye kama saa moja, mtazame picha, msuke, mcheze karata, na chooni asiende peke yake. Ugonjwa na mtoto uvitenganishe moyoni mwako: anayekuambia "nakuchukia" saa ya chakula si yule mke mwenzangu niliyemsuka twende kilioni akiwa na miaka saba.

Na mwanangu, usipunguze nazi ukidhani unamrahisishia. Wali wa nazi uwe wa kasimele, samaki wa kupaka awe wa kupaka kweli. Uzito ukipanda kama nusu kilo kwa wiki, mnakwenda sawa. Ukishatulia, taratibu mtamrudishia yeye kupakua na kuchagua, kwanza vitafunio, kisha chakula cha shule, na mwisho mtazungumza mambo ya msichana wa rika lake. Kazi yote huchukua miezi sita hadi mwaka. Itawachosha.

Umeuliza pia dawa. Kidonge cha anoreksia hakipo. Iko dawa, fluoksetini, inayosaidia wenye bulimia, wale wanaokula kwa wingi bila kujizuia kisha wakajitapisha au wakanywa haluli. Nakutajia hilo kwa sababu wengine huhama kutoka ugonjwa mmoja kwenda mwingine. Tazama vifundo vya vidole vyake: mtu anayejitapisha kwa kidole huota sugu pale panapogusana na meno, na Russell huyohuyo ndiye aliyelieleza hilo mwaka 1979. Ukiona sugu, au meno yanaliwa, waambie madaktari, maana kutapika kunamaliza potasiamu hata kwa mtu asiyekonda. Wapo wagonjwa wa kula wenye mwili wa kawaida na wapo wanene, na hao ndio wanaochelewa kuliko wote kusikilizwa.

Nije kwenye lile swali ulilolisema kwa sauti ya chini.

Tulipokuja huko mwaka juzi, nilimkumbatia mjukuu wangu mlangoni nikamwambia, "Mashallah, umenenepa!" Kwangu ni sifa. Kwetu mtu akinenepa ameshiba, ametunzwa, hana maradhi. Niliona uso wake ukibadilika nikadhani ni uchovu wa shule. Kwa hiyo kama tunatafuta wa kulaumiwa, tusianzie kwako. Lakini nimesema neno hilo kwa watoto na wajukuu maisha yangu yote, na wote wanakula. Mwaka 2019 watafiti walichunguza damu na mate ya wagonjwa karibu 17,000 wa anoreksia, wakakuta sehemu nane za urithi wa vinasaba zinazohusika, nyingine zikigusa namna mwili unavyotumia chakula. Mtu huzaliwa na kuni zake. Kiberiti kinaweza kuwa neno langu, kinaweza kuwa simu aliyoishika usiku kucha, au kupunguza uzito kidogo kwa ajili ya michezo.

Kule Fiji wanathamini mtu aliyeshiba kama sisi, na mpita njia huitwa aje ale kama tunavyoita sisi. Televisheni ilifika wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule: mwaka huo hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.3. Ndani ya miaka mitatu. Nakuambia haya ili ujibu wale shangazi zako wanaosema ni ugonjwa wa Wazungu, au kwamba umemlea kizungu. Akina mama wa Nadroga hawakubadilika.

Kuhusu kisomo, dada yako ameshamsomea, na mimi namsomea kila baada ya alfajiri. Asomewe. Lakini asomewe akiwa amekula.

Na Ramadhani. Uliniambia mambo yalianza pale, alipofunga mwezi mzima na watu wakamsifu, na baada ya Idi akaendelea na sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi. Sikuwa na habari, na ningekuwa na habari ningemsifu pia. Mwaka huu atataka kufunga, na atalia kwamba mnamzuilia ibada. Mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake kuacha, Qur'ani imesema hivyo waziwazi. Mtafute mapema shehe mwenye elimu amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya mwezi kuandama, msingoje mkabishane saa ya daku.

Jumapili nitapiga simu saa ya chakula chenu cha mchana. Iweke mezani karibu na sahani yake, uiache wazi. Sitamuuliza amekula nini, wala sitasema neno juu ya mwili wake. Nitamsimulia habari za yule paka wa jirani aliyezalia ndani ya kapu langu la ukindu, watoto wanne, mmoja mweupe pe, na namna baba yako anavyowapelekea dagaa kwa siri akidhani sijui. Kisa ni kirefu. Nitakisimulia polepole mpaka niwasikie mmeondoa vyombo.

Mama yako