Dada, usiishie kwenye kiitikio

Mwulize kijana yeyote wa Mwanga, hapa Kigoma, akutajie wanamuziki wenye asili ya huku, hatakawia: Diamond, Ali Kiba, Linex. Mwambie sasa ataje wanawake. Atasema Mwasiti, kisha ataanza kukuna kichwa. Si kwamba sauti za kike hazisikiki. Zimejaa tele, ila zimewekwa kwenye kiitikio.

Nami nilianzia huko huko. Nilikuwa nauza dagaa Kibirizi, na nyumbani Ujiji nina daftari langu la mashairi. Prodyuza mmoja akanisikia harusini, akaniita studio saa nne usiku. Mchana ulikuwa wa wateja wanaolipa, na waliolipa wote walikuwa wanaume. Mama alikataa katakata mpaka kaka akakubali kunisindikiza. Akasinzia kwenye benchi hadi saa tisa. Mistari minne ya kiitikio niliitunga palepale, nikapewa elfu tano ya bodaboda. Miezi miwili baadaye nikaukuta wimbo kwenye bajaji, abiria wanauimba, na jina ni la kijana mwenye wimbo peke yake. Nikamwambia dereva, "Huyo anayeitikia ni mimi." Akacheka, akaongeza sauti.

Kwa hiyo, mdogo wangu, andikishaneni kabla hujasogelea kipaza sauti: nani katunga maneno, nani kaimba, mgawo ukoje. Hata kwa WhatsApp inatosha kuanzia. Ukisubiri wimbo upendwe ndipo uulize, utaitwa mwenye tamaa. Mashairi yako yatie tarehe, kisha yapeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, yasajiliwe, maana siku ya ugomvi utatakiwa ushahidi, si machozi.

Halafu hili la saa, ambalo wanaume wa studio hawalioni kabisa. Tulichanga wasichana wanne, tukakodi studio Jumamosi asubuhi hadi adhuhuri. Wawili kati yetu hawakuwahi kurekodi maishani, na mmoja ana sauti ya kumsimamisha mvuvi katikati ya ziwa. Kilichomzuia ni usiku, basi. Mama safari hiyo hakuuliza hata naenda wapi. Anayelalamika kwamba wanawake hawajitokezi aangalie kwanza anawaita saa ngapi.

Na jina. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858, alilitia jina lake ndani ya beti zenyewe, na kwao, kisiwa cha Pate karibu na Lamu, akapataja. Ukiusoma utendi, umemsoma na yeye. Hapo hakuna wa kumfuta. Washairi wetu wa zamani walikuwa na desturi hiyo, sisi tumewaachia wanaume wa Bongo Fleva, wao hujitaja hata kabla ngoma haijalia.

Siku hizi najitaja mstari wa kwanza: jina langu, la baba, na Ujiji. Mara ya mwisho prodyuza aliniomba tupaondoe, eti panachelewesha biti. Nikamwambia biti isubiri.