Mama ameanguka mara mbili: kuzuia kunalipa, au tuweke akiba ya matibabu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 74, anaishi Tandahimba na wajukuu wawili. Tangu Ramadhani ameanguka mara mbili, mara ya kwanza akienda chooni alfajiri, ya pili uani akiwa na ndoo ya maji. Hakuvunjika. Fundi anataka shilingi 180,000 aweke vyuma vya kushikia chooni, asawazishe njia na kufunga taa ya sola. Kaka yangu anasema hayo ni mambo ya Wazungu. Mama akae tu barazani, na hizo pesa ziwekwe akiba ya matibabu. Jirani yetu alivunjika nyonga mwaka juzi, familia ikatumia kama milioni 4 kwa usafiri, upasuaji na kumuuguza. Naomba hesabu ya gharama na faida ili nimwonyeshe kaka. (Msomaji, Masasi)

JIBU: Marahaba, na pole kwa mama. Tuanze na hesabu yenyewe.

Mara nyingi mzee anapoanguka havunjiki. Tafiti zinaonyesha kwamba katika kuanguka mara 20, mfupa huvunjika kama mara moja. Mama ameshaanguka mara mbili, na mzee aliyekwisha kuanguka ndiye mwenye hatari kubwa ya kuanguka tena. Basi tukadirie kwamba mwaka ujao ataanguka mara mbili nyingine. Hapo uwezekano wa kuvunjika ni kama 1 kati ya 10. Ukizidisha na milioni 4 za jirani unapata 400,000. Lakini si kila anayevunjika huvunjika nyonga. Kuvunjika kifundo cha mkono ni gharama ndogo zaidi. Kwa hiyo tukate nusu, tubaki na 200,000 kwa mwaka. Huo ndio mzigo ambao familia inaubeba sasa hivi, ingawa hamuuoni kwa sababu bado haujadaiwa.

Mwaka 2023 shirika la Cochrane, linalochambua tafiti za tiba, lilitoa mapitio kuhusu kuondoa hatari za nyumbani: giza, vizingiti, sakafu inayoteleza, ngazi zisizo na pa kushika. Kwa wazee wote kwa jumla, kuanguka kulipungua kwa asilimia 26. Kwa wale wenye hatari kubwa, kama aliyeanguka ndani ya mwaka uliopita, kulipungua kwa asilimia 38. Kwa mzee asiye na hatari hiyo, faida haikuonekana wazi. Tafiti nyingi kati ya hizo zilifanyika nchi tajiri, kwa hiyo ichukue asilimia hiyo kama makadirio.

Asilimia 38 ya 200,000 ni 76,000 kwa mwaka. Kazi ya fundi ikidumu miaka mitano tu, 180,000 zake ni sawa na 36,000 kwa mwaka. Inalipa zaidi ya mara mbili, na hapo sijahesabu siku za kuuguza. Mama akivunjika nyonga Oktoba, korosho zikiwa zinaanguka chini ya mikorosho yote, nani ataacha kuokota akalale wodini katika hospitali ya Ligula au Ndanda? Siku hizo zina bei. Mwambie kaka aziandike kwenye hesabu yake. Na hiyo akiba anayoisema haifiki hata asilimia 5 ya milioni 4.

Kuhusu mambo ya Wazungu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sisi tumo humo.

Ila lililonishtua zaidi katika barua yako ni hilo la mama kukaa barazani. Nyumba nyingi hufanya hivyo kwa mapenzi kabisa: bibi akianguka ananyang'anywa ndoo, jembe, hata ufagio, na mjukuu anamletea kila kitu mkekani. Kinachofuata ni misuli ya mapaja kunywea. Baada ya miezi michache hawezi kuinuka bila kushikwa, anaogopa hata kwenda msibani, na safari moja tu ya chooni inatosha kumwangusha. Ushauri huo hauna gharama leo, lakini ndio utakaowagharimu kuliko yote. Ndoo nzito apunguziwe, sawa. Kutembea asikatazwe.

Miguu ndiyo kinga yenye faida kubwa kwa pesa ndogo. Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2019, yalikusanya majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000, na mazoezi yakapunguza kuanguka kwa asilimia 23. Yanayosaidia ni yale ya kusawazisha mwili usiyumbe na ya nguvu za miguu, hasa yakifika saa 3 kwa wiki. Kwa mama ni nusu saa kila siku, mjukuu akiwa pembeni. Ainuke kwenye kiti kigumu na kukaa tena, mara 10, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Akishindwa aanze kwa kushika. Ashike mwimo wa mlango, asimame kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino. Apite kando ya ukuta akiweka kisigino mbele ya kidole, hatua kwa hatua. Asimame kwa mguu mmoja, mwanzoni akishika kwa mikono miwili, baadaye mmoja, baadaye kwa kidole kimoja tu. Akiyafanya bila kutetereka, yaongezwe ugumu. Zoezi lisilomsumbua hata kidogo halimfundishi kitu.

Sasa chooni. Kwa choo cha kuchuchumaa, chuma kilicholala ukutani hakitoshi. Anahitaji na kilichosimama, kuanzia usawa wa magoti hadi kifuani, kwa sababu kazi kubwa ni ile ya kuinuka. Kijengewe kwa simenti. Kabla mama hajakigusa, mwanaume mzima akining'inie kwa uzito wake wote. Fundi akisema misumari inatosha, mkatalie. Taa imulike njia nzima kutoka mlango wa chumbani, na njia iwe tayari kabla ya mvua za Desemba. Kandambili zilizolika soli zitupwe. Anunuliwe viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino.

Pesa msizopaswa kutumia ni za vidonge vya vitamini D na kalsiamu kwa ajili ya kuzuia kuanguka. Kwa wazee wanaoishi nyumbani, majaribio hayakuonyesha kuwa vinazuia. Lakini macho yake yakaguliwe: nchini Uingereza, wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye jicho la kwanza walianguka kwa karibu theluthi pungufu kuliko waliokuwa bado wanasubiri.

Alfajiri ile inanipa shaka nyingine. Mzee akitoka kitandani ghafla presha inaweza kushuka, hasa akiwa anatumia dawa za presha au za kukojoza. Mwombe mhudumu wa zahanati ampime akiwa amelala dakika 5, kisha akiwa amesimama, baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari azipitie dawa zake. Msiziache wala kuzipunguza wenyewe. Waulize wajukuu pia kama kuna vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa dukani. Diazepam na amitriptyline huwaangusha wazee wengi.

Kwa hiyo mazoezi yaanze leo, vipimo wiki hii, na fundi aitwe mkishakubaliana. Ikitokea akaanguka kabla hamjamaliza, akashindwa kusimama, au mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, msimvute, msimkande, msimpakie bodaboda. Mlazeni juu ya ubao au mlango ulioondolewa bawaba, mtafute gari, na mchukue dawa zake zote kwenye mfuko mmoja mwende nazo hospitali.