Sauti butu kwenye spika ya bluetooth: anza na faili

Kabla hujairudisha spika dukani kwa sababu sauti ni butu, fungua maelezo ya wimbo uone ukubwa wake. Taarabu ya dakika 15 ikiwa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hufika megabaiti 36. Ukikuta 14, hiyo ni ya kilobiti 128: imebanwa mno, na sauti nyembamba za juu, kama za vinanda, ndizo huumia kwanza. Kuigeuza iwe 320 kwa programu ya simu hakusaidii kitu. Faili linanenepa, lakini kilichokwisha kukatwa hakirudi. Tafuta nakala nyingine iliyo bora.

Bluetooth nayo hubana sauti mara ya pili kabla ya kuirusha, na hapo ndipo faili bovu huzidi kuharibika. Namna ya kubana huitwa kodeki. SBC ipo kwenye kila spika. iPhone huongeza AAC tu. Simu nyingi za Android zina pia LDAC au aptX, ila spika nayo lazima iwe nayo, la sivyo simu na spika hurudi kwenye AAC au SBC. Kwenye Android, ingia Settings, tafuta Build number (namba ya toleo la mfumo) uigonge mara 7, chaguo za wasanidi zifunguke, kisha uangalie kodeki inayotumika wakati muziki unapiga. LDAC ina viwango vya kilobiti 990, 660 na 330 kwa sekunde. Sisi tunapendelea 660, maana 990 hukatikakatika ukisogea kidogo tu.

Kadi ya kumbukumbu ndiyo inayopoteza nyimbo za watu wengi. Kadi bandia hujitangaza gigabaiti 128 huku ndani ina 8. Ukivuka hapo majina ya nyimbo yanaonekana, lakini hazipigi. Ijaribu siku hiyohiyo uliyoinunua kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta ya Windows: ijaze yote, kisha programu isome tena ilichoandika. Simu ikiuliza itumieje kadi, usikubali iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, kwa sababu itafungwa kwa ufunguo wa siri wa simu hiyo pekee. Simu ikifa, nyimbo zimekwenda nayo. Na kama kadi hiyohiyo utaichomeka kwenye redio ya gari, nunua ya gigabaiti 32. Hizo huja na mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, ambao redio nyingi husoma. Kuanzia 64 huja na exFAT, na redio za zamani huikataa.

Sauti ikikatika, usilaumu chaji mara moja. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi na maikrowevu, na mwili wa mtu, kwa kuwa umejaa maji, huyazuia vizuri sana. Itoe simu mfuko wa nyuma, iweke mezani mahali inapoonana na spika. Kama bado inakatika, hamishia Wi-Fi ya nyumbani kwenye gigahezi 5, au izime kwenye simu: nyimbo zilizo kwenye kadi haziihitaji.