Gereji ya Wasomaji: Kaza kwa Mizani

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Probox, na oili nabadili mwenyewe uani kwangu Buzuruga, Mwanza. Safari hii niliikaza sana nati ya kumwagia oili isije ikavuja. Mwishoni ikaanza kuzunguka bure, na sasa oili inadondoka usiku kucha. Shemeji anasema niongeze kukaza. Halafu pancha iliponikuta Usagara, nati za tairi ziligoma kabisa, ikabidi nipande juu ya spana. Nitajuaje nimekaza kiasi? Spana ya kupimia ni ghali.

Jibu: Marahaba. Shemeji apumzike kwanza. Nati inayozunguka bure imeshakula tredi, ile mikunjo ya kushikia, na ukiongeza nguvu unamwongezea kazi fundi mchongaji. Mwaga oili yote, mpelekee sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, apige tepu (chuma cha kuchonga tredi) ya saizi kubwa kidogo au aingize koili ya chuma. Igusishe sumaku: isiposhika, sampu yako ni ya alumini, na bolti ya chuma ikipambana na alumini, inayoumia ni alumini. Usizibe kwa sabuni. Sabuni ni ya tangi la mafuta, tena ukiwa porini.

Bolti ikikazwa huvutika kidogo sana kama springi, na kule kutaka kwake kurudi ndiko kunakobana vyuma viwili pamoja. Ukipitiliza, inavutika moja kwa moja na hairudi. Dalili yake mkono unaijua: spana iliyokuwa inazidi kuwa ngumu inalainika ghafla. Ikifika hapo, hata isipokatika leo, bolti hiyo ni ya kutupa.

Sasa kipimo. Angalia seti yako ya spana: namba 10 ni fupi, namba 19 ni ndefu. Waliozitengeneza wameshakupunguzia nguvu kwenye bolti ndogo. Ukivalisha bomba kwenye spana, umefuta hesabu yao yote. Bomba ni la kufungulia.

Spana ya kupimia kama huna, nenda Mwaloni pale Kirumba uazime mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki. Ndoano yake ishike ncha ya spana, uvute mizani ikiwa imefanya pembe mraba na spana. Hesabu ni hii: chukua Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, gawa kwa urefu wa spana kwa mita, kisha gawa kwa 9.8. Unapata kilo. Kitabu kikiwa cha Kijapani usiogope, tafuta palipoandikwa N·m. Namba hazina lugha.

Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi ni Nm 103. Kwa spana ya nusu mita, mizani isome kilo 21. Kwa spana ya sentimita 35, kilo 30. Nati ya oili ya magari ya namna hiyo huwa karibu Nm 37. Kwa spana ya ringi ya sentimita 25 ni kilo 15 tu. Kilo 15! Hiyo ni kazi ya mkono mmoja, bila kuegemea, bila kuguna. Na uweke washa mpya, ile pete ya chini ya nati, kwa sababu wengi hukaza kupita kiasi wakipigana na washa iliyokwishabonyea.

Usagara hukukosea kupanda juu ya spana, maana ulikuwa unafungua. Nashuku aliyefunga: fundi pancha mwenye mashine ya upepo, anayeiacha ilie mpaka aridhike yeye. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 35 anaweka kama Nm 240, na nati bado imegoma! Nati za hivyo hukata stadi, yaani bolti zinazoshika tairi, au hupinda diski ya breki, usukani ukawa unatetemeka ukishika breki kwenye mteremko wa Bugando. Siku nyingine simama pale pale, mwambie aweke mashine chini mapema amalizie kwa mkono, nati moja na ya mkabala wake. Akinuna, anune. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, pima tena.

Swali: Nikipaka grisi kwenye nati za tairi, si zitafunguka kirahisi? (Msomaji, Nyegezi)

Jibu: Zitafunguka, lakini utakuwa umekaza kuliko unavyodhani. Nguvu nyingi ya spana huliwa na msuguano; inayobaki kuvuta bolti ni kama sehemu moja ya kumi. Grisi ikipunguza msuguano, Nm zilezile zinavuta bolti zaidi. Sugua tredi kwa brashi ya waya, funga kavu.

Swali: Fundi, injini ya boti yetu ni Yamaha. Plagi imekwama, na kijana ameniambia aliikaza "isitoke ziwani". (Msomaji, Ukerewe)

Jibu: Usiivute ikiwa kavu, utatoka na tredi za hedi, kile kichwa cha injini. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, iache ilale, kesho irudishe kidogo, kaza kidogo, irudishe tena, hivyo hivyo mpaka iachie. Mpya ifunge kwa vidole mpaka ikae, ndipo uchukue spana: plagi mpya yenye washa inahitaji nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Ile ya zamani unayoirudisha, ni mguso tu, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Na spana ya plagi ikae kwako, si kwa kijana.