Spoti za pikipiki zinafifia na swichi inayeyuka: nilivyofunga zangu hapa Masasi

Mkuu, umesema umenunua spoti mbili za LED (taa za ziada za mbele), fundi wa hapo Ruangwa akazichukulia umeme kwenye waya wa taa kubwa. Ukivuta mafuta zinang'aa, ukiachia zinafifia, na juzi swichi ya hendeli imeanza kunuka plastiki. Sasa unataka kujua ununue betri kubwa au utupe taa. Usitoe hela bado. Mimi ni bodaboda wa Masasi, huu mwaka wa tisa, na kazi yangu kubwa ni ya usiku. Taa zangu nimezifunga na kuzifungua mara nne mpaka nikapata mpangilio ninaouamini nikiwa na abiria nyuma.

Betri kubwa haitakusaidia, na taa zako huenda hazina tatizo lolote. Tatizo ni pale umeme unapochotwa. Kwenye pikipiki nyingi tunazoendesha huku, hizi za cc 100 hadi 150, taa ya mbele inalishwa moja kwa moja na koili ya magneto (kinachozalisha umeme injini ikizunguka), haipiti kwenye betri. Ndiyo maana hata globu yenyewe hufifia pikipiki ikisimama ikiwa inanguruma taratibu. Umeme wa pale ni wa kupanda na kushuka, na LED inataka ule uliotulia wa betri. Halafu hiyo swichi ya hendeli imetengenezwa kubeba globu ya wati 35, basi. Vibati vyake vya ndani ni vyembamba kama ganda la kiberiti. Ukivitwisha taa mbili juu ya ile globu, vinapata moto, plastiki inalainika, siku moja unabaki gizani kabisa katikati ya safari.

Na betri ni pipa tu, mkuu. Anayejaza pipa ni magneto. Ukiweka pipa kubwa na maji yanayoingia ni yaleyale, utachelewa kukauka, lakini utakauka.

Kwa hiyo tafuta rilei ya gari ya volti 12 (swichi inayowashwa kwa umeme kidogo), ile ya miguu minne yenye namba 30, 85, 86 na 87. Mguu wa 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi. Wa 87 unakwenda kwenye spoti zote mbili. Wa 85 unafungwa kwenye hasi. Wa 86 unapokea umeme kutoka kwenye waya wowote unaopata umeme pale tu unapowasha ufunguo, ukipitia kwanza kwenye swichi ndogo utakayoifunga karibu na dole gumba la kushoto. Hapo swichi inabeba umeme kidogo sana wa kuamsha rilei, na mzigo wote unapita kwenye waya mnene. Ukichomoa ufunguo, spoti zinazima zenyewe, hata ukisahau swichi.

Fyuzi iwe ya kiasi gani? Chukua wati, gawanya kwa 12. Spoti mbili za wati 20 ni wati 40, sawa na ampea 3 na kidogo, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 inatosha. Iweke kiganja kimoja tu kutoka kwenye betri. Nimeona mafundi wanaiweka huko mbele karibu na taa. Waya ukichubuliwa na chuma katikati ya safari yake, fyuzi iliyo mbele haijui chochote, na waya unawaka chini ya tangi la mafuta. Tangi la petroli, mkuu.

Waya tumia wa milimita mraba 1.5 wenye nyuzi nyingi laini ndani. Ule wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu usiuguse hata ukipewa bure, maana mtikisiko wa barabara ya rafu unaukata ndani ya ganda na kwa nje huoni kitu. Kwa chanya na hasi, rudisha zote betrini. Ukifunga hasi kwenye chasisi yenye rangi utapata taa zinazowaka leo na kesho zinagoma. Pale shingoni mwa hendeli acha waya ulegee, kisha kata kona kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho ukiangalia kama kuna mahali unavutika.

Ukimaliza, azima multimita, kile kipimo cha umeme. Injini imezimwa, betri nzima inasoma kama volti 12.6. Washa, vuta mafuta kama mtu anayetembea barabarani, washa taa zote na ukanyage breki ili taa ya nyuma nayo iwake. Ukiona kati ya 13.5 na 14.5, uko salama. Ikishuka chini ya 13, pikipiki inakula akiba yake na asubuhi utapiga kiki. Mimi mara ya pili nilifunga za wati 30 kila moja, nikasoma 12.4 huku injini inavuma. Nikazishusha siku ileile nikaweka ndogo. Na usiamini maandishi ya boksi. Niliwahi kununua taa imeandikwa wati 60, nilipoipima ikawa inakula ampea 1 tu, yaani wati 12.

Hayo ya umeme fundi mzuri anayamaliza kwa nusu siku. Ninalotaka ulisome mara mbili ni mwanga wako unaangukia wapi, maana hapo ndipo nilipokaribia kuua watu.

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umepamba moto. Nilimpakia mama mmoja na mtoto wake mwenye homa kali, kutoka kijiji kimoja jirani na Nangoo kwenda hospitali Ndanda. Wakati ule spoti zangu zilikuwa kwenye hendeli, kali, zenye mwanga mwembamba wa kwenda mbali, na nilizilenga mchana nikiwa peke yangu juu ya pikipiki. Nilikuwa najivunia sana mwanga ule, unapiga mpaka kwenye vilele vya mikorosho. Basi tuko kwenye lami, kama spidi 60, nikasikia majani yanakwaruza chini ya tairi. Sikuyaona, nilianza kuyasikia. Nikajua palepale maana yake, nikatupa pikipiki upande wa kulia, na bodi la lori la Fuso likanipita karibu na goti. Lilikuwa limekufa pale likiwa na magunia, halina taa hata moja. Dereva alikuwa amefanya wajibu wake, ametandaza matawi barabarani kama ilivyo desturi yetu. Matawi yalikuwepo. Mwanga wangu ndio uliopita juu yake.

Yule mama hakusema neno mpaka tunafika. Mtoto alipona. Mimi usiku ule sikupakia tena.

Kesho yake nikaenda na jamaa yangu wa kijiweni kwenye ukuta wa ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ule uliopakwa chokaa, giza lilipoingia. Nikasimamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, nikapiga alama ya chaki kwa urefu wa taa. Nikiwa peke yangu, kiini cha mwanga kilikuwa karibu sawa na chaki. Jamaa alipopanda nyuma, shokapu za nyuma zikazama na mwanga ukapanda juu ya chaki zaidi ya upana wa kiganja. Kwa mita 5 tu! Piga hesabu unavyokuwa umepanda kwa mita 50. Ndiyo maana nasema lenga taa na mzigo wako wa kawaida. Kama unabeba magunia mawili, lenga na magunia mawili juu. Hata maduka yanayofunga taa vizuri hili hawakwambii.

Sasa zangu ziko chini, kwenye bampa, sentimita 60 kutoka ardhini, na hazifanani kazi. Ya kulia ni ya mwanga mwembamba, kiini chake ukutani kiko sentimita 5 chini ya chaki. Ikishuka sentimita 5 kila mita 5, inagusa ardhi mita 60 mbele. Ya kushoto ni ya mwanga mpana, imeshuka sentimita 10, inagusa mita 30, na nimeigeuza kidogo kuelekea ukingoni. Ukingoni ndiko waliko watu wanaotoka vilabuni na mnadani, baiskeli zisizo na rifulekta, mbuzi waliolala kwenye joto la lami. Hakuna hata moja iliyogeukia kulia, kwa sababu kulia ndiko anakotoka mwenzako.

Mita 60 si nyingi. Kwa spidi 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde. Mpaka jicho lione na mkono ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imekwenda, ni mita 25. Kusimama kwenyewe kwenye lami kavu ni mita 20 na kitu nyingine. Kwa hiyo kwa spidi 60 mwanga huo unakutosha kwa shida, na kwenye mchanga wa Tandahimba haukutoshi, shuka mpaka 40. Kwenye spidi 80 unaendesha ndani ya kitu ambacho hujakiona.

Faida nyingine ya kuziweka chini utaiona kwenye rafu. Taa iliyo juu inalijaza shimo mwanga, linaonekana kama sahani. Taa ya chini inalilalia, ukingo wa karibu unang'aa na ndani panabaki kivuli cheusi. Unaliona shimo lenyewe na kina chake.

Kuhusu ukungu, kama unapanda Newala alfajiri za Juni na Julai unajua ninachosema. Fulu, yaani mwanga wa mbali wa taa kubwa, inakurudishia ukuta mweupe machoni. Izime, baki na spoti za chini na taa ndogo, na utaona mstari wa pembeni. Lenzi ya njano mimi naona inalipumzisha jicho, wengine wanasema haina tofauti. Vumbi la nyuma ya lori nalo ni hivyohivyo.

Spoti zote mbili zime ukikutana na chombo, dole gumba moja tu, na ndiyo sababu nimekwambia swichi iwe kushoto. Lakini nawaomba wote mnaosoma, zimeni na kwa mtu wa miguu. Bibi anayetoka shambani ukimmulika usoni anasimama, au anarudi nyuma, au anakatiza mbele yako kwa sababu haoni anapokanyaga. Nimeshuhudia hilo na sitaki kulishuhudia tena. Na wewe ukimulikwa na semi linalotoka Mnazi Mmoja ya Lindi, usishindane nalo kwa taa. Ondoa mafuta, tazama ukingo wa kushoto wa lami, ufuate huo mpaka lipite.

Wenzetu wa Mikindani, Lindi mjini na Kilwa, chumvi ya bahari inakula terminali haraka. Pakeni grisi kila kiungo. Na tepu peke yake haidumu kwenye jua letu, gundi inayeyuka inafunguka, lehemuni kwa risasi kwanza.

Kwa hiyo mkuu, hizo spoti zako usizitupe. Badilisha swichi iliyoyeyuka, rudisha waya wa taa kubwa kama ulivyokuwa, funga rilei na fyuzi, kisha upime volti mara tatu: injini imezimwa, injini inanguruma taratibu, na ukiwa umevuta mafuta taa zote zinawaka. Ziandike hapa hizo namba tatu na utaje pikipiki yako ni aina gani. Nikitoka barabarani saa kumi na moja alfajiri huwa napitia hapa kabla sijalala, nitakujibu.