Jina la WiFi sio kitambulisho: kwa mnaoanza kazi za netiweki

Wadogo zangu, hili limenila siku nzima kazini kwahiyo lishikeni mapema. Jina la WiFi mtu yeyote anaweza kuliiga, hata kwa hotspoti ya simu.

Kuna hoteli moja hapa Dar nilikuwa nasimamia mtandao wake, wageni wakaanza kulalamika WiFi inakatakata halafu wakiunganisha tena kunatokea ukurasa unaodai pasiwedi ya imeili, mi nikashinda narestati ruta tu nikijua ni vifaa vimechoka. Jioni ndo nawasha Kismet, programu ya kuonyesha WiFi zilizo karibu, kwenye laptopu naona jina letu mara saba, na sisi tulifunga akses pointi (vifaa vya kurusha WiFi) sita! Ile ya saba iko wazi kabisa, haina pasiwedi, wakati zetu zote zimefungwa kwa WPA2, na anwani yake ya MAC, yaani namba ya kukitambulisha kifaa, inaanza na 02. Tarakimu ya pili pale ikiwa 2, 6, A au E ujue anwani imepangwa na programu, sio ile ya kiwandani. Lakini msikimbilie kupiga kelele za mwizi, maana ruta nyingi halali zinafanya hivyo hivyo kwenye mtandao wa wageni, ndo maana nasema siku ya kufunga andika BSSID (hiyo anwani ya MAC inayorusha WiFi) ya kila kifaa, chaneli yake na kilipo. Bila hiyo orodha utalinganisha na nini?

Kukatakata nako kulikuwa na sababu. Fungua Wireshark, programu ya kunasa na kusoma data za mtandao, weka filta wlan.fc.type_subtype == 12, ukiona fremu za deauth (ujumbe wa kukata kifaa kwenye WiFi) zinamiminika basi huenda kuna mtu anawatoa watu makusudi ili wahamie kwake. WPA2 bila PMF, yaani kinga ya fremu za aina hiyo, haina namna ya kujua fremu hiyo kaituma nani, WPA3 iliyokuja 2018 imelazimisha hiyo kinga, kwahiyo kama vifaa vinakubali iwasheni.

Na ule ukurasa ndo mtego wenyewe. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimshtaki jamaa kwa WiFi feki kwenye viwanja vya ndege na hata ndani ya ndege, ilikuwa inaomba watu waingie kwa imeili au akaunti za mitandao ya kijamii. WiFi ya bure haihitaji pasiwedi ya imeili yako, waambieni wageni hivyo hivyo.

Kuitafuta hiyo akses pointi feki ni kutembea na laptopu ukiangalia nguvu ya signo, ikikaribia sifuri ujue unaisogelea, mi nilitoka na -78 dBm mapokezi nikafika -41 karibu na parking, nikamwita mlinzi kabla sijasogea zaidi. Usiende peke yako.