Maswali yenu: fedha za ruzuku zinalipia nini?

Kijiji chetu kinaomba ruzuku ya Japani kupitia ubalozi, tujenge wodi ya wazazi. Tuweke humo mshahara wa mlinzi na dizeli ya jenereta? – Mwenyekiti wa kamati, Kilosa

Hapana. Ruzuku hiyo ya miradi ya jamii hulipia vitu vinavyobaki: majengo, visima, vifaa vya tiba. Mishahara, mafuta na gharama nyingine za uendeshaji hazimo. Kwa hiyo mtaulizwa mapema nani ataiendesha wodi ikishafunguliwa. Msijibu kwa kubahatisha. Nendeni halmashauri mpate barua inayosema wauguzi watatoka wapi na umeme utalipwa na nani. Nalisisitiza hili kwa sababu mama akifika usiku na uchungu akakuta mlango umefungwa, jengo jipya halimsaidii kitu.

Tuna ruzuku ya kupanda mikoko kutoka Mpango wa Miradi Midogo wa GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani). Miche imegharimu kidogo kuliko makadirio. Zilizobaki tununue pikipiki ya kikundi? – Katibu, Rufiji

Msinunue. Fedha iliyobaki kwenye fungu moja la bajeti bado ni ya mradi, si ya kikundi, hata kama kubana matumizi ni jasho lenu. Mwandikieni mratibu wa mpango kabla ya kutoa hata shilingi: fungu gani limebaki na kiasi gani, kwa nini, na mnapendekeza nini. Pikipiki sioni ikipita kirahisi. Kurudishia miche iliyosombwa na maji ni ombi lenye hoja, maana linaendeleza kazi ileile mliyoombea. Subirini jibu la maandishi. "Alituambia kwa simu" haimsaidii mweka hazina siku ya ukaguzi.

Nasi tuna mradi wa GEF. Tumeambiwa tuchangie, lakini hatuna fedha taslimu. – Mwanakikundi, Pangani

Mpango huohuo wa GEF, unaosimamiwa na UNDP (Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa), hupokea pia mchango wa nguvu na vitu: kuchimba mashimo, kubeba miche, mashua ya mwanachama, kiwanja. Tatizo huwa kwenye daftari. Kila siku ya kazi andikeni tarehe, jina, kazi, saa, na saini au dole gumba, kisha muithamini kwa kiwango anacholipwa kibarua hapo kwenu. Iandikwe siku hiyohiyo. Mkaguzi akikuta majina ya miezi sita yameandikwa kwa kalamu moja na saini zinafanana, anatilia shaka hata ya kweli. Inaniuma kuona kina mama waliofanya kazi tangu alfajiri wakikosa kuhesabiwa kwa sababu hiyo.

Mwenzetu amefiwa. Tumkopeshe kutoka akaunti ya mradi, arudishe baada ya mavuno? – Mweka hazina, Njombe

Poleni kwa msiba. Lakini hapana, hata kama atarudisha yote. Mkopo huo ni matumizi nje ya mkataba, na ruzuku nyingi hutolewa kwa awamu: taarifa ya awamu hii ikiwa na kasoro, ijayo inaweza kuzuiwa. Rambirambi itoke kwenye mfuko wa jamii, kama ule wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) unaotunzwa kwenye sanduku la kufuli tatu. Kama hamna, uanzisheni mkutano ujao, ili msilazimike tena kuchagua kati ya mkataba na mwenzenu.

Tulinunua mabati kabla ya kusaini mkataba. Tutarudishiwa? – Msomaji, Singida

Kwa kawaida hapana. Matumizi huhesabiwa kuanzia mkataba unapoanza. Tunzeni risiti, mkamuulize mfadhili kama mabati hayo yanaweza kuingizwa kama mchango wenu.

Asilimia 10 ya halmashauri nayo ni ruzuku? – Kikundi cha vijana, Temeke

Hapana. Huo ni mkopo usio na riba, unaotoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lazima urejeshwe, kwa hiyo uwekeni kwenye kazi inayoingiza fedha, na tarehe za marejesho mzijue kabla ya kusaini.